Uzi: Kansa ya mirija ya nyongo na ishara ya FGFR2 isiyojua kunyamaza

Mchimba_Seli:

Wakuu salaam. Humu kansa ya ini imeshajadiliwa mpaka basi, ila jirani yake, hii ya mirija ya nyongo, naona watu wanaipita tu au wanaichanganya na ya ini lenyewe. Leo nataka tuingie ndani kabisa, kwenye seli, tuone ni nini hasa kinaiambia seli igawanyike, igawanyike tena, isikome. Ni ndefu kidogo mnivumilie.

Kwanza eneo. Ini linatengeneza nyongo, nyongo inapita kwenye vimirija vidogo sana ndani ya ini, vinaungana ungana mpaka vinakuwa mirija miwili mikubwa, wa kulia na wa kushoto, inakutana pale inapotoka kwenye ini afu unashuka mmoja hadi utumbo mdogo. Kuta za ndani za mirija hiyo zina safu ya seli zinaitwa kolanjiosaiti, na kansa inayotokana nazo ndo kolanjiokasinoma. Ziko tatu kwa eneo: ya ndani ya ini, ya pale kwenye makutano (wengi wanaiita Klatskin, kwa jina la daktari Mmarekani Gerald Klatskin aliyeieleza mwaka 1965), na ya chini karibu na kongosho. Hii tofauti ya eneo ishikeni, maana ishara ninayotaka kuiongelea inapatikana karibu yote kwenye ile ya ndani ya ini, kwenye hizo nyingine mbili ni nadra sana.

Sasa FGFR2. Ni protini inayokaa kwenye ngozi ya seli, nusu iko nje nusu iko ndani. Kazi yake ni kupokea ujumbe. Seli za jirani zikiona kuna kidonda au kuna tishu ya kujenga zinatoa protini ndogo za FGF, hizo zinakuja kujishika kwenye ile nusu ya nje. Zikijishika, vipokezi viwili vinavutwa pamoja vinakuwa pacha, na ile nusu ya ndani ni kimeng'enya cha aina ya kinasi, kila kimoja kinambandikia mwenzie fosfeti. Hapo ndo ishara inawaka. Kinasi hiyo inaibandikia fosfeti na protini ya pembeni inayoitwa FRS2, nayo inaita protini nyingine, GRB2 na SOS, SOS inaiamsha RAS, RAS inaiamsha RAF, RAF inaibandikia fosfeti MEK, MEK inaibandikia ERK, ERK inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kugawanyika. Pembeni kuna tawi lingine, PI3K na AKT na mTOR, hilo linaiambia seli kula, kukua, na usife.

Kwa seli nzima mambo yote haya ni ya muda. FGF ikiisha pacha wanaachana, vimeng'enya vingine vinabandua zile fosfeti, kipokezi kinamezwa ndani ya seli kinavunjwavunjwa, na ERK yenyewe inawasha jeni za kuizima njia iliyoiwasha. Yaani mfumo umeundwa ukijua kunyamaza.

Kwenye kansa kinachotokea ni kwamba jeni ya FGFR2, iko kromosomu ya 10, inakatika sehemu moja maalumu karibu na mwisho wake na inaungwa na kipande cha jeni nyingine. Protini inayotoka ni mchanganyiko: mbele FGFR2 yenye kinasi yake nzima, nyuma kipande cha mgeni. Na huyo mgeni mara nyingi ana tabia ya kujishikisha na wenzake. Kwa hiyo vipokezi vinakaa pacha muda wote, havisubiri FGF wala nini. Ni kama kengele ya mlango iliyonasa, inalia tu na mlangoni hamna mtu.

Kwa kila wagonjwa 100 wenye kansa ya mirija ya ndani ya ini, kati ya 10 na 15 wana huo muungano. Karibuni kwa maswali.

Kiroboto:

Mkuu umeshuka na herufi kama unasoma namba za magari 😂 FRS GRB SOS RAS RAF. Ila nimekusoma. Swali langu dogo: kwani huyo mgeni ni nani? ni jeni moja ile ile kila mgonjwa au kila mtu na wake

Mchimba_Seli:

@Kiroboto hamna herufi ya kupunguza hapo, hizo ndo zilizobaki baada ya kuchuja 😅

Wageni ni wengi mno mkuu. Anayejitokeza kuliko wote ni BICC1, naye yuko kromosomu hiyo hiyo ya 10, lakini wengine wanaonekana mara moja tu kwa mgonjwa mmoja na hujawahi kuwasikia. Kinachofanana siyo mgeni, ni mahali pa kukatika. FGFR2 ina ekzoni 18 (vipande vya jeni vinavyosomwa kutengeneza protini, na katikati yake kuna introni zisizosomwa) na kukatika kunatokea kwenye introni ya 17 au ndani ya ekzoni ya 18 yenyewe. Maana yake kinasi inabaki salama salmini, kinachopotea ni mkia tu.

BintiMaabara:

Niongezee hapo kwenye mkia maana watu wengi wanaupita. Zamani maelezo yalikuwa hayo ya mleta uzi, kwamba mgeni analeta upacha na basi. Mwaka 2022 ikachapishwa kazi kwenye jarida la Nature ikionyesha kwamba kupoteza huo mkia wa ekzoni 18 peke yake kunatosha kuigeuza FGFR2 kuwa chanzo cha kansa, hata bila mgeni wa maana. Mkia una sehemu zinazosaidia kukidhibiti kipokezi, ukiukata umeondoa udhibiti. Kwa hiyo mgonjwa anaweza akawa hana muungano unaoeleweka, ripoti ikasema "mpangilio wa jeni umevurugika, mwenza hajulikani", akadhaniwa hana kitu, kumbe FGFR2 yake haina mkia na dawa ya kuiziba FGFR2 ingemfaa.

Na hii inagusa vipimo. Ukipima DNA kwa kutafuta wenza unaowajua utawakosa wengi. Kusoma RNA ya uvimbe ni bora zaidi kwa hili, kwa sababu RNA inakuonyesha kile ambacho seli inakisoma kweli, muungano unauona ulivyo hata kama mwenza ni mgeni kabisa. Shida ni kipande cha biopsi, yaani kile kinachotolewa kwenye uvimbe kikapimwe, hizi kansa zina nyuzinyuzi ngumu nyingi, unachoma sindano unatoa kovu, seli za kansa zenyewe chache.

Mzee Tafakuri:

Vijana nawasoma. Lakini mimi nilifundishwa kwamba kansa hii inaletwa na minyoo na mawe na uvimbe wa muda mrefu wa mirija. Leo mnasema jeni imekatika. Sasa kipi ni kipi? Maana huko kaskazini mashariki ya Thailand na Laos inakojaa kansa hii, watu wana minyoo ya ini kutokana na samaki wabichi wa maji baridi, siyo kwamba jeni zao zinakatika ovyo kuliko za wengine.

Mchimba_Seli:

Shikamoo mzee, na swali lako ndo nilikuwa nalingoja kwa kweli. Yote mawili ni kweli ila siyo ugonjwa mmoja kwa ndani, na hapa ndo penye utamu wa jambo zima.

Minyoo wenyewe ni wawili wakuu, Opisthorchis viverrini huko Thailand na Laos, na Clonorchis sinensis China, Korea na Vietnam. Shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, IARC, liliwaweka wote kwenye kundi la kwanza, yaani ushahidi kwamba wanaleta kansa kwa binadamu unatosha, wa Thailand mwaka 1994 na mwenzie 2009. Mnyoo anakaa kwenye mrija miaka na miaka, anakwaruza, anakula, na mwili unapigana naye bila kumtoa.

Kwenye mapigano hayo ishara kuu ni nyingine, inaitwa IL-6. Seli za kinga zinaitoa, na kolanjiosaiti zenyewe zinaweza kuitoa pia zikijitumia wenyewe, yaani seli inajiandikia barua inajisomea. IL-6 inashika kipokezi chake pamoja na gp130, inaamsha JAK, JAK inaibandikia fosfeti STAT3, STAT3 wanaungana wawili wanaingia kwenye kiini na kuwasha jeni kama Mcl-1 ambayo kazi yake ni kuizuia seli isijiue. Seli ya kawaida ina protini ya SOCS3 ya kuja kuizima hiyo. Kwenye kansa hizi nyingi jeni ya SOCS3 imefungwa kwa kubandikwa metili (alama ya kikemikali juu ya DNA), haijaharibika hata kidogo, imezibwa tu, basi STAT3 inawaka haizimiki. Ongeza na naitriki oksaidi inayotokana na mapigano hayo hayo, inaharibu DNA na wakati huo huo inawazuia mafundi wa kuirekebisha. Seli imeambiwa isife, DNA yake inaharibika, na inagawanyika kuziba vidonda. Hapo ukisubiri miaka 20 au 30...

Afu mnyoo naye ana lake. O. viverrini anatoa protini inaitwa granulini, inafanana na kichocheo chetu wenyewe cha ukuaji, na kolanjiosaiti zikikutana nayo zinagawanyika. Mwaka 2019 watafiti waliihariri jeni hiyo ya mnyoo kwa CRISPR (mbinu ya kukata DNA mahali unapotaka), na wale minyoo wasiokuwa na granulini ya kutosha wakasababisha ugonjwa mwepesi zaidi kwenye mirija ya wanyama wa maabara. Yaani mnyoo anatuma ishara zake ndani ya seli za mtu! Mimi hii bado inanishangaza kila nikiifikiria.

Kwa hiyo mzee, jeni zilipolinganishwa, kansa za wenye minyoo zilionekana kuwa na TP53 (jeni inayolinda seli isigeuke kansa) iliyoharibika kwa wingi na HER2 (jeni ya kipokezi kingine cha ukuaji) iliyozidishwa nakala. Zile zisizo za minyoo ndo zenye jeni za FGFR2, IDH1 na BAP1 zilizobadilika. Chini ya hadubini daktari anaziona kansa mbili zinazofanana kabisa, kumbe moja inaendeshwa na kitu kingine.

Mzee Tafakuri:

Marahaba kijana. Hapo umenijibu.

Ua_la_Jioni:

Samahanini nimeingia katikati, siyo mtaalamu. Mama mdogo wangu ameambiwa ana hii ya ndani ya ini, ameanza na macho ya njano na kuwashwa mwili mzima, kukonda, wakapiga skani. Wameanza kumuongelea kemo tu, hamna aliyetaja FGFR2 wala hizo herufi. Je nimuulize daktari au naonekana mjuaji? Na hiyo dawa ni ya kweli au ni habari za mtandaoni

BintiMaabara:

Pole sana dada, pole kwa mama mdogo na nyumba nzima. Uliza, usiogope, daktari wa kansa swali hilo halimkeri.

Kuanza na kemo siyo kosa. Jemsitabini na sisplatini ndo msingi tangu utafiti wa ABC-02 wa 2010, wagonjwa waliopata zote mbili waliishi wastani wa miezi 11.7 dhidi ya 8.1 kwa waliopata jemsitabini peke yake. Baadaye, 2022, ikaongezwa dawa ya kinga ya duruvalumabu. Dawa za FGFR2 zimeidhinishwa kwa waliokwisha kutibiwa mara ya kwanza na kansa ikaendelea. Lakini ni bora kipimo cha jeni kiombwe mapema, kwa sababu majibu yanachukua muda na biopsi ya pili kwa mtu aliyedhoofika ni shughuli. Swali lako liwe jepesi tu: "Je uvimbe wake umepimwa jeni, FGFR2, IDH1, HER2, BRAF na hali ya MSI?" Basi. Hizo nne za mwanzo ni jeni, MSI ni dalili kwamba seli inashindwa kurekebisha makosa ya DNA. Kama kipande cha biopsi ya kwanza bado kipo huenda kikatosha.

Dawa ni za kweli. Pemigatinibu iliidhinishwa Marekani Aprili 2020, ni kidonge, unameza wiki mbili unapumzika moja. Kwenye utafiti wake wagonjwa 107 wenye muungano wa FGFR2, uvimbe ulipungua kwa kiwango kinachohesabika kwa 38. Futibatinibu ikafuata 2022, kwao ilikuwa kama 42 kwa kila 100.

Na kama akikutwa na IDH1 badala ya FGFR2 (kama 13 kwa 100 wa hii ya ndani wanayo) kuna ivosidenibu. Hiyo hadithi yake ni tofauti, siyo kipokezi, ni kimeng'enya kilichobadilika kinachotengeneza kemikali ya 2-HG inayozuia DNA kubanduliwa metili, seli inabaki changa haikomai.

Ua_la_Jioni:

Asante sana dada BintiMaabara, nimeliandika swali kama ulivyolisema. Mungu akubariki.

Kiroboto:

Nimesoma kwamba wanaomeza hizo dawa fosfeti inapanda kwenye damu. Sasa dawa ya kansa ya nyongo na fosfeti wapi na wapi? Au ndo hizo fosfeti mnazosema zinabandikwa zinabanduka zinajaa kwenye damu

Mchimba_Seli:

Hahaha hapana, ila swali zuri kuliko unavyodhani. Fosfeti za kwenye seli ni kidogo mno haziwezi kujaza damu.

Mifupa yetu inatoa homoni inaitwa FGF23, ndugu wa zile FGF nilizozitaja. Inakwenda kwenye figo, inashika FGFR1 ikisaidiwa na protini ya Klotho, inaiambia figo itoe fosfeti kwenye mkojo. Dawa hizi zinaziba FGFR1, 2 na 3 kwa pamoja, haziwezi kuchagua vizuri. Ukiziba FGFR1 ya figo, figo haisikii amri, inaibakiza fosfeti. Kwenye ule utafiti wa pemigatinibu kama 60 kwa 100 ya wagonjwa ilipanda. Madaktari wengine wanaichukulia kama ushahidi kwamba dawa imefika na inafanya kazi, wanampunguzia mgonjwa fosfeti kwenye chakula au wanampa dawa ya kuinasa tumboni. Kucha zinaharibika pia, mdomo unakauka, na macho lazima yaangaliwe maana maji yanaweza kujikusanya nyuma ya retina.

Bwana_Hesabu:

Mimi naomba nimwage maji baridi kidogo. 38 kati ya 107, na hao 107 wenyewe ni wale 10 hadi 15 kwa 100 wa aina moja kati ya tatu. Ukipiga hesabu ni wagonjwa wachache sana wanaofaidika, na hata hao uvimbe unarudi baada ya miezi. Hii sherehe ya "ishara" naona imezidi kipimo. Mbona EGFR, kipokezi kingine cha ukuaji, nayo ilisemwa ndo ishara kubwa ya kansa hizi, wakajaribu dawa za kuiziba, erlotinibu, wakajaribu setuksimabu, wagonjwa hawakuishi zaidi?

Mchimba_Seli:

Hesabu zako sizipingi mkuu, na hiyo ya EGFR ni mfano ninaoupenda kwa sababu inanisaidia mimi 😄

EGFR ipo nyingi kwenye kansa hizi, ni kweli, na asidi za nyongo zenyewe zinaweza kuiamsha. Lakini kuwepo nyingi siyo kuendesha. Walichukua wagonjwa bila kuwachagua kwa jeni, wakaipiga ishara ambayo seli ilikuwa inaisikiliza pamoja na nyingine kumi, ukiizima hiyo moja seli haishtuki. FGFR2 iliyoungana ni kitu kingine, seli imeiegemea hiyo moja, ukiizima uvimbe unanywea. Utajuaje kwamba kweli imeiegemea? Angalia namna kansa inavyolipigania hilo eneo.

Mgonjwa anaanza dawa, uvimbe unapungua, miezi inapita, unarudi. Ukisoma DNA ya uvimbe uliorudi, au vipande vyake vinavyoelea kwenye damu, unakuta kinasi ya FGFR2 ile ile imebadilika herufi moja, mara nyingi pale kwenye asidi amino (tofali la protini) ya 550, au ya 565 iliyo mlangoni mwa kishimo ambamo dawa inaingia. Dawa haiingii tena lakini kinasi inafanya kazi kama kawaida. Na kwa mgonjwa mmoja unaweza kukuta mabadiliko matano tofauti kwenye madoa tofauti ya ini, kila doa limepata lake kivyake. Kama FGFR2 isingekuwa na maana kansa isingehangaika kuirekebisha, ingeiacha tu.

BintiMaabara:

Naunga mkono, na ndo maana futibatinibu ina nafasi yake. Pemigatinibu inaingia kwenye kishimo na kutoka, futibatinibu inajifunga moja kwa moja kwa kemia ya kudumu na asidi amino ya sisteini iliyo hapo, kwa hiyo baadhi ya mabadiliko yanayoishinda ya kwanza bado inayaweza. Ya 565 baadhi yake inaisumbua hata hiyo. Kuna kizazi kingine kipo kwenye majaribio kinacholenga FGFR2 pekee, kuiacha FGFR1 ya figo, ili dozi iweze kupandishwa bila fosfeti kuleta kelele.

Bwana_Hesabu:

Sawa, hiyo ya herufi moja kubadilika imenikaa, sikuwa nimeitazama kwa upande huo. Lakini wasio na mabadiliko ya kinasi, ambao dawa inagoma toka mwanzo?

Mchimba_Seli:

Hao ndo kichwa kinauma. Wengine wana KRAS (mojawapo ya zile RAS) iliyoharibika pembeni, na KRAS iko chini ya FGFR2 kwenye ule mnyororo, ukizima juu chini kunaendelea kuwaka. Wengine seli inakimbilia EGFR: ukiizima FGFR2, ERK inashuka siku chache afu EGFR inaipandisha tena. Maabara wameona kwamba ukiziba zote mbili kwa pamoja seli za kansa zinakufa vizuri zaidi, kwenye vyombo na kwenye panya. Kwahiyo EGFR yako mkuu haijatupwa, ila inakuja kama ya pili nyuma ya FGFR2 na kwa mgonjwa aliyechaguliwa kwa jeni.

Afu kuna lile kovu alilolitaja BintiMaabara mwanzo. Siyo taka tu, ni fibroblasti hai (seli zinazotengeneza kovu), zinatuma PDGF na vichocheo vingine kwa seli za kansa na kuzisaidia zisife. Dawa ya FGFR2 haizigusi vya kutosha.

Kiroboto:

Swali la mwisho nikalale. Hii kansa lazima itoke kwenye hizo kolanjiosaiti? maana nimeona mahali wanasema hata seli za kawaida za ini zinaweza kugeuka

BintiMaabara:

Kwa panya imeonyeshwa 2012: ukiiwasha Notch na AKT kwa nguvu ndani ya seli za kawaida za ini, zinageuka na kuwa kansa yenye sura kamili ya mirija ya nyongo. Notch ndo ishara inayojenga mirija tangu mtoto akiwa tumboni, jeni ya JAG1 inayoiamsha ikiharibika mtoto anazaliwa na mirija michache, ugonjwa wa Alagille. Kwa binadamu inaelekea kuelezea kwa nini baadhi ya kansa za ndani ya ini zinatokea kwa wenye homa ya ini ya B au C, ambayo ni magonjwa ya seli za ini siyo ya mirija. Hiyo inataka uzi wake, @Mchimba_Seli ukiufungua nishtue.